Lori la vifusi msituni: sheria inamdai nini aliyetupa?

Msomaji wetu, mwalimu mstaafu anayeishi pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi, ameuliza hivi:

"Kwa miezi kadhaa sasa lori huja usiku na kumwaga vifusi na takataka ndani ya msitu, hatua chache kutoka barabarani. Juzi bango la msitu limeng'olewa, waya wa uzio wa umeme umekatwa, na vijana wamechonga majina yao kwenye mbambakofi mkubwa ambao tangu utotoni tumezoea kupumzika chini yake. Picha za lori ninazo kwenye simu. Nilipouliza, nikaambiwa faini yenyewe ni shilingi elfu kumi, nisijisumbue. Je, ni kweli? Naweza kushtaki ilhali msitu si wangu? Na Jumamosi ijayo wanakijiji tunataka kwenda kuzoa hizo taka. Tunaruhusiwa?"

Mwalimu, shikamoo.

La Jumamosi nitalijibu kwa neno moja sasa, kisha nitalirudia mwishoni: subirini.

Hilo la elfu kumi si kweli. Huenda aliyekwambia bado anakumbuka Sheria ya Misitu ya zamani, ile Sura ya 385, ambayo faini zake zilikuwa ndogo kiasi kwamba mkata magogo aliziweka kwenye hesabu ya gharama zake kama anavyoweka bei ya mafuta ya lori. Sheria hiyo ilishaondoka. Iliyopo ni Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, na kifungu chake cha 64 kinataja mambo ambayo mtu asiye na kibali haruhusiwi kuyafanya katika msitu wa umma: kukata, kuchoma au kujeruhi mti, kulisha mifugo, kulima, kuingia na msumeno wa mota, kuwamo msituni kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi nje ya barabara au njia inayotambuliwa, na pia kuharibu, kuhamisha au kuchezea kigingi cha mpaka, uzio, au bango. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi 100,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili.

Neno "isiyopungua" ndilo la kushika hapo. Sheria zetu nyingi huweka dari: "faini isiyozidi kiasi fulani", na chini ya dari hiyo hakimu huamua atakavyo, hata shilingi elfu mbili. Kifungu cha 64 kimeweka sakafu. Kwa hiyo bango lililong'olewa, waya uliokatwa na majina yaliyochongwa kwenye mbambakofi yote yanaingia katika kifungu hicho, na kila moja ni kosa linalojitegemea katika hati ya mashtaka. Mwendesha mashtaka anaweza vilevile kuongeza shtaka la kuharibu mali kwa makusudi chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 339, ambalo hukumu yake hufika kifungo cha miaka mitano. Kwa uzio wa umeme mimi ningeliongeza. Uzio ule hauwekwi kwa ajili ya kuzuia watu tu. Ndio unaowatenga ndovu na mashamba ya mahindi ya majirani zako, na anayeukata kwa ajili ya kupata waya wa mitego anahatarisha watu walio kitandani usiku.

Sasa taka. Ukikisoma vizuri kifungu cha 64 utaona kwamba kiliandikwa kikiwa na mkata miti, mchungaji, mrina asali na mchoma makaa akilini. Lori la vifusi linahitaji sheria nyingine juu yake, nami nitazitaja mbili.

Ya kwanza ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, inayojulikana kwa kifupi cha EMCA, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2015. Mbeba taka ni lazima awe na leseni ya NEMA, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, na taka azipeleke mahali palipopewa leseni ya kuzipokea. Msitu si mahali hapo, na kifungu cha 87 kinamwadhibu anayevunja masharti hayo kwa kifungo kisichozidi miaka miwili, au faini isiyozidi shilingi milioni moja, au vyote viwili. Kosa jingine ambalo sheria hiyo haikulitajia adhabu yake mahsusi huangukia kifungu cha 144: kifungo kisichopungua mwaka mmoja na kisichozidi miaka minne, au faini isiyopungua shilingi milioni mbili na isiyozidi milioni nne, au vyote viwili. Unaikumbuka hofu iliyoingia madukani mwezi wa Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku? Hofu ile ilitokana na tarakimu hizohizo.

Ya pili ni Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Kifungu chake cha 89 kinamhusu anayemwaga taka au vitu vya sumu katika eneo la wanyamapori lililotengwa, au anayechafua makazi ya wanyamapori. Faini isiyopungua shilingi milioni mbili, au kifungo kisichopungua miaka mitano, au vyote viwili. Hapo tena ni sakafu.

Kwa msitu wako, sheria hiyo ya wanyamapori si ya kubahatisha. Arabuko-Sokoke, ambao ulitangazwa msitu wa serikali mwaka 1943 na una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, husimamiwa kwa ushirikiano: Shirika la Huduma za Misitu (KFS), Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS), Taasisi ya Utafiti wa Misitu (KEFRI) na Makumbusho ya Kitaifa. Sehemu yake ndogo ni mbuga ya taifa. Na ndani yake mna sange mwenye kiuno cha dhahabu, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu ambaye karibu wote waliosalia duniani wanaishi katika msitu huu. Wewe umewaona pengine mara elfu, wakichapuka kama mpira kwenye majani makavu. Sange huyu hulala chini, katika kiota anachokitengeneza kwa kurundika majani yaliyoanguka. Sasa fikiria tani saba za matofali yaliyovunjika, saruji iliyoganda na vigae zikimwagwa juu ya majani hayo. Mtu akiniuliza "vifusi vinamdhuru mnyama gani?", mimi huanzia kwenye kiota hicho, na ningependa mahakama ielezwe hivyohivyo, na mtaalamu aliyekwenda pale akakiona. Kuna pia takataka za bustani, ambazo watu hudhani hazina neno kwa kuwa ni majani tu. Katika majani hayo mna mbegu na vipande vya mimea ya kigeni. Mwarobaini ulioletwa pwani kwa kivuli na dawa sasa unajiotea wenyewe mahali pengi ambapo hakuna aliyeupanda.

Je, mwendesha mashtaka achague sheria ipi? Huu ni uamuzi wake. Maoni yangu, baada ya miaka mingi ya kesi za namna hii, ni kwamba kukimbilia shtaka zito kuliko yote si busara kila wakati. Hakimu anayemwona mbele yake kijana wa lori aliyelipwa ujira wa siku, huku sheria ikimwambia miaka mitano au milioni mbili, hutafuta shaka yoyote ya kumwachilia, na huwezi kumlaumu sana. Shtaka la kutupa taka chini ya sheria ya mazingira, pamoja na la uzio na bango chini ya sheria ya misitu, mara nyingi husimama imara zaidi. Shtaka la kifungu cha 89 ningelihifadhia mwenye lori na aliyemtuma.

Na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, Mwalimu, kwa sababu ndipo kesi hizi zinapopotea. Dereva na utingo hukamatwa, hukiri kosa asubuhi hiyohiyo, faini hulipwa na mtu asiyeonekana, na wiki inayofuata lori jingine linakuja. Vifusi vile havikuzaliwa na dereva. Kuna nyumba iliyobomolewa au hoteli iliyofanyiwa ukarabati, kuna mkandarasi aliyelipwa pesa za kupeleka uchafu jaani akaziweka mfukoni, na kuna kampuni yenye lori. Kifungu cha 145 cha EMCA kinasema kampuni ikitenda kosa, mkurugenzi au afisa wake aliyejua na asichukue hatua ya kuzuia naye ana hatia. Mwajiri naye hujibu kwa kazi ya mtumishi wake. Kifungu cha 146 kinairuhusu mahakama kutaifisha vifaa vilivyotumika katika kosa na kufuta leseni. Mwenye lori huumwa na hayo kuliko faini. Kwa hiyo unapoandika malalamiko yako, usiandike "dereva ametupa taka" ukaishia hapo. Andika jina lililo ubavuni mwa lori kama lipo. Andika ni vifusi vya aina gani: vigae vya rangi fulani, magunia ya saruji, boksi lenye anwani. Nimeona kesi ikielekea kwa tajiri mwenyewe kwa sababu ya bahasha moja iliyookotwa kwenye rundo.

Jambo la pili la kuomba ni usafishaji. Watu wengi hawajui kwamba hakimu anaruhusiwa kwenda mbali zaidi ya faini. Kifungu cha 142 cha EMCA kinamwezesha, juu ya adhabu yoyote, kumwamuru mchafuzi asafishe mahali alipochafua, au alipe gharama yote ya kusafisha, na awafidie walioathirika. NEMA nayo inaweza kutoa amri ya kurejesha mazingira bila kungoja kesi imalizike: mchafuzi anaambiwa aondoe nini, arejeshe nini, na kwa muda gani. Faini ya shilingi 100,000 huenda kwenye hazina ya serikali, na rundo linabaki pale msituni likisubiri mvua ya masika. Amri ya kusafisha hulihamisha rundo. Lakini amri hiyo hutolewa ikiombwa, na ili iombwe lazima mtu awe amepima: rundo lina upana gani, tani ngapi kwa makadirio, miti mingapi imefunikwa, gharama ya kuzoa ni kiasi gani. Mwendesha mashtaka aliye na mafaili hamsini mezani hatakwenda kupima. Afisa wa msitu anaweza, na ninyi mnaweza kumkumbusha kwa heshima kwamba tathmini ya uharibifu iwe ndani ya faili kabla ya siku ya kesi.

Sasa niseme kuhusu mahali. Swali la kwanza litakaloulizwa mahakamani ni hili: pale palipomwagwa ni pa nani? Umesema "hatua chache kutoka barabarani". Barabara ya Mombasa kwenda Malindi ina hifadhi yake, yaani ukanda wa ardhi uliotengewa barabara, kila upande, na mpaka wa msitu huanza baada ya hifadhi hiyo. Nimeona kesi nzuri ikizama kwa sababu ya hatua kumi, wakili wa mshtakiwa akisimama na ramani, shahidi wa serikali akiwa hana hata kipimo kimoja. Taka zikiwa ndani ya hifadhi ya barabara, sheria ya mazingira bado inamkamata mtupaji, ila mashtaka ya sheria ya misitu yanaanguka. Kwa hiyo tafuta kigingi cha mpaka kilicho karibu, simama kwenye rundo, na uandike vipimo vya mahali ambavyo simu yako inaonyesha kwenye ramani. Piga picha rundo na kigingi vikionekana pamoja ikiwezekana. Dakika kumi za kazi hiyo zina thamani kuliko ushahidi wa nusu siku wa maneno matupu.

Na picha zako za lori zishike kwa uangalifu. Usizitume kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu zikipita huko hupungua ubora na hupoteza taarifa za saa na mahali zilizofichwa ndani ya picha. Ziache kwenye simu iliyozipiga, na nakala uweke kwenye kadi au diski. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti: maandishi yaliyotiwa sahihi yanayoeleza picha ilipatikanaje na kwa kifaa gani. Mpelelezi akikuandalia, kisome kabla ya kutia sahihi. Zaidi ya hapo, andika kwenye daftari, kwa mkono wako, tarehe, saa na namba ya gari ya kila usiku uliouona. Ninyi walimu mna mazoea ya daftari, na daftari lililoandikwa siku ileile hakimu huliamini.

Usilifuate lori wala kulizuia njiani. Ukiliona, pigia kituo cha msitu kilicho karibu nawe, na kwa upande wako hicho ni Gede au Jilore. Afisa wa msitu ana mamlaka ya kukamata bila hati. Kisha nenda polisi, malalamiko yaingizwe katika kitabu cha matukio, nawe uondoke na namba yake. Bila namba hiyo malalamiko yako ni mazungumzo tu. Peleka barua NEMA, nakala kwa afisa wa msitu. Usipojibiwa, ipo Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira, iliyoundwa na EMCA hiyohiyo kwa ajili ya kuchunguza malalamiko ya wananchi, yakiwemo yale yanayoihusu NEMA yenyewe.

Umeuliza kama unaweza kushtaki ilhali msitu si wako. Unaweza. Mashtaka ya jinai huendeshwa na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na hapo wewe ni mlalamishi na shahidi. Lakini Katiba ya 2010 imekupa mlango mwingine. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa au ikitishiwa, na kinasema wazi kwamba haimlazimu kuonyesha kuwa yeye au mwingine amepata hasara au madhara. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko Malindi, si mbali nawe. Kifungu cha 69 nacho kinamwekea kila mtu wajibu wa kushirikiana na vyombo vya dola kuyalinda mazingira, kwa hiyo wakikuita mchongezi, waambie unatimiza jambo lililoandikwa kwenye Katiba.

Na usidhani njia hiyo ni ya nadharia. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliotiwa sumu ya madini ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walikwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na mwaka 2020 wakashinda fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Waliobebeshwa lawama hawakuwa wenye kiwanda peke yao. Taasisi za serikali zilizokuwa na kazi ya kusimamia nazo zilihesabiwa kuwa na hatia. Kesi ile ilihusu sumu katika damu za watoto, ni nzito kuliko vifusi, na ilichukua miaka mingi ya mateso. Naitaja kwa sababu imewaonyesha maafisa kwamba kukaa kimya nako kuna bei.

Tumebakiwa na vijana wa mbambakofi. Hapa moyo wangu uko upande mwingine kidogo. Mti ule, ambao kila fundi wa milango ya Kizanzibari na ya Lamu anaujua kwa uzuri wa mbao zake, huchukua vizazi kukua, na gome likichongwa kuzunguka shina lote mti hufa. Ni kosa, nami sitalipunguza. Lakini kama vijana hao hawajafika miaka 18, Sheria ya Watoto ya 2022 hairuhusu wafungwe jela, na inawataka wenye mamlaka kutafuta njia ya kulimaliza jambo nje ya kesi pale inapofaa. Wakiwa watu wazima, hakimu akiona kwamba kifungo kinachowastahili hakizidi miaka mitatu, anaweza kuagiza huduma kwa jamii chini ya sheria ya mwaka 1998 badala ya kuwapeleka gerezani. Mimi ningekwenda na wazee kwa wazazi wao kwanza, kisha nikamwomba afisa wa msitu na chama cha jamii cha msitu wawape kazi ya kutunza miche na kushika doria ya uzio. Kwa hao siombi gereza. Kwa mwenye lori naomba kila kitu ambacho sheria inakiruhusu.

Sasa Jumamosi. Mkizoa taka kabla afisa hajafika, mmeufuta ushahidi wenu kwa mikono yenu, na wakili wa mwenye lori atauliza rundo liko wapi. Vilevile ninyi wenyewe mtakuwa mmeingia msituni kuondoa vitu bila ruhusa, na mkizipakia kwenye mkokoteni au pikapu kuzipeleka mahali pasipo na leseni, mtakuwa mmetenda kosa lilelile. Kwa hiyo utaratibu uwe huu: kwanza maafisa wapime na wapige picha, mabaki yenye majina au anwani yachukuliwe kama vielelezo na kuandikwa. Kisha mpelelezi aseme kwa maandishi kwamba rundo halihitajiki tena kama ushahidi. Muulizeni pia kama amri ya kumlazimisha mtupaji asafishe imeshaombwa, kwa maana mkisafisha ninyi kwanza, yeye ameokolewa gharama. Baada ya hapo KFS iwape ruhusa, kaunti itoe gari na jaa la kupeleka.

Siku hiyo ikifika, bebeni maji kwenye madumu na vikombe vya nyumbani. Tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja, sahani na vijiko vya plastiki na mirija haviruhusiwi ndani ya misitu ya hifadhi, mbuga na fukwe. Na glavu ziwe ngumu, maana kwenye vifusi vya namna hiyo vioo havikosi.